Donatus Mageni, Aliyenusa Udongo

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Shinyanga na Kishapu, na ninyi wa kambi za dhahabu za Geita, sogeeni karibu. Leo namkumbuka Donatus Mageni, mchimbaji, aliyezikwa Jumamosi iliyopita. Donatus Mageni. Wengine hapo mmeanza kutazamana. Tazamaneni tu, mimi nasema.

Alizaliwa Kishapu. Kabla ya kuitwa Donatus alikuwa Mageni tu, mmoja wa Banunguli, wale wawindaji wa nungunungu. Mnawajua: hutambaa kwa tumbo ndani ya shimo la mnyama, mguuni kamba ya ngozi, na mwenzao juu ameshika ncha. Ni chama chenye siri na dawa zake. Mwaka 1948 Mageni alikiacha, akaja Geita, akaomba ubatizo.

Aliomba. Hakupewa. Pasaka tatu jina lake liliandikwa, Pasaka tatu likafutwa.

Kisa? Kila alipofika kwenye shimo, aliinama, akachukua udongo kiganjani, akaunusa huku amefumba macho. Ndipo aingie. Wakristo wa kambini wakaona, wakanong'ona kwamba bado ana dawa za Banunguli.

Mjane wake, Mama Melania, ameniambia: "Nilikuwa nikikaa kwenye benchi kanisani, wanawake wanasogea mbali nami. Na mimi, mwanangu, nilimpekua mifukoni nikitafuta hirizi. Mimi, mkewe! Nikakuta tumbaku."

Mwaka 1951 waumini walichimba kisima nyuma ya kanisa. Aliyewasimamia ni Mwalimu Herman, katekista, yule yule aliyefuta jina. Mageni akanusa udongo.

"Shikamoo, Mwalimu. Udongo huu haushiki. Msishuke."

"Nani kakwambia, Mageni? Mizimu ya nungunungu?"

Watu wakacheka. Herman akavua kanzu, akashuka mwenyewe ili awaonyeshe. Ukuta ukaporomoka, ukamfukia hadi kifuani.

Mageni alijifunga kamba mguuni, akampa mkewe ncha. Akaingia kwenye shimo la zamani lililokuwa pembeni, akachimba njia nyembamba kwa mikono, akitambaa, mpaka akaifikia miguu ya Herman. Jua lilikuwa limehama alipomtoa. Hai.

Mnadhani walishukuru? Thubutu! "Kauangusha ukuta yeye mwenyewe kwa uchawi, ili aje kumwokoa." Ndivyo walivyosema. Hata Herman alishuku hivyo, ameniambia kwa kinywa chake. Akamwendea nyumbani, amekunja uso. Mageni akamwekea madonge mawili ya udongo mkononi.

"Nusa, Mwalimu."

"Huu mkavu. Huu... una harufu ya tope."

"Ndio wa kisimani. Nyuma ya ukuta kulikuwa na maji, yanausukuma. Umejuaje kuna tope?"

"Nimenusa."

"Basi na wewe mganga! Sasa jina lako atalifuta nani?"

Pasaka ya 1952 alibatizwa. Kwaya hakuiweza, kusoma hakujua. Kazi yake kanisani ikawa visima na makaburi, na hakuna aliyeshuka kabla hajanusa. Hiyo ndiyo karama aliyopewa na Mungu. Alikuja nayo tangu siku ya kwanza, ninyi mkaiita uchawi. Nimeandika, na mwenye kununa anune:

Mlimuita mganga, kumbe ni fundi wa chini,
Mlango mkaufunga, akabaki barazani.

Wala siamini kwamba minong'ono imekwisha. Jumamosi, pale pale makaburini, nilimsikia mtu akiuliza kama marehemu anazikwa na "vitu vyake". Kabla sijamjibu, Mwalimu Herman, mzee sasa, alipiga magoti ukingoni mwa kaburi. Akachukua udongo kiganjani. Akaunusa, amefumba macho.

"Unashika," akasema. "Mshusheni."

Mama Melania, pole sana wewe na wanao. Poleni wana Kishapu, poleni wachimbaji wenzake. Mungu amweke pema.

Nawe unayenisikiliza, Jumapili ijayo, kabla hujasogea mbali na mwenzako kwenye benchi, mwangalie mikononi. Uliza amekuja na nini.