Samaki wa Nashon Wasirudi Ziwani

Sogeeni, wanangu. John Paul, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyekuja kudai, kuja ukae. Marion, niinue kidogo, huu mto umelala kuliko mimi. Hapo hapo. Daktari wa Tororo alisema maji yameingia kwa mapafu, nikamwambia, daktari, nimefuga samaki miaka ishirini na tisa, sasa maji yamekuja kunifuga mimi. Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Kwa hiyo leo nasema yote, na nasema mara moja, pumzi iliyobaki sitaki kuimalizia kwa salamu.

Ya mali ni mafupi. Nyumba hii ni ya mama yenu mpaka achoke nayo mwenyewe, na mtu asimwambie ahamie chumba cha nyuma eti wageni wanakuja. Shamba la Buhehe ni la Marion. Ndiyo, la Marion, John Paul usinikunjie uso, wewe ulipata kiwanja cha barabarani ukajenga, mwenzako alipata matangi ya kuosha. Mbuzi gawaneni bila kumwita chairman wa kijiji. Jenereta ni ya kanisa, nilishaahidi, ingawa siku hizi inakohoa kunishinda. Mali imekwisha. Sasa samaki.

Mnajua baba yenu ni nani. Kabla yangu, kuanzia Mwamba wa Tororo mpaka maji ya Majanji, samaki alikuwa anaingia nyumba ya mtu akiwa amekufa. Mimi ndiye nilimwingiza akiwa hai, nikamweka sebuleni, akaangalia watu wakila. Nilisoma mpaka darasa la tano, na la tano lenyewe nililichungulia tu, lakini maprofesa wamekaa kwa hicho kiti wakaandika maneno yangu mpaka kalamu zikaomba maji ya kunywa. Tangi la kwanza nilitengeneza kwa vioo vya duka lililoungua, nikalibeba kichwani kutoka Tororo mpaka hapa Busia, mvua ikaninyeshea njia nzima, nilipofika lilikuwa limejaa na sikumwaga tone. Mama yenu ni shahidi. Haya, mama anatingisha kichwa. Lilijaa nusu.

Lakini samaki waliofanya jina langu hawakuwa wangu. Walikuwa wa Nashon, baba yenu mdogo, Mungu amlaze. Nashon alikuwa mvuvi wa Majanji, na nyinyi hamkuliona ziwa la zamani. Lilijaa fulu, wale samaki wadogo Waganda wanaita nkejje, wale bibi yenu alikuwa anakausha na kuwapikia watoto wa surua. Walikuwa wa rangi zote. Halafu mbuta, yule sangara mkubwa, akaja, akawala kama mtu aliyealikwa, na maji yakachafuka, na fulu wakapungua mpaka watoto wakaugua surua bila mchuzi. Siku moja Nashon alikuja na ndoo, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, na ndani wako saba, ubavu mwekundu kama tofali jipya, kichwa cheusi. Akaniambia, "Ofumbi, hawa nimewatoa kwenye mawe, pale nyavu haifiki. Mwaka wa tatu sijaona wengine. Wewe unajua vioo. Nitunzie, ziwa likipona tutawarudisha kwao." Mimi na huu mdomo wangu nikamjibu, "Ndugu yangu, nitawazidisha mpaka ziwa liombe nafasi."

Saba. Sita walikuwa madume, na jike moja, na huyo jike alikufa wiki ya pili kabla hajashika yai hata moja. Hilo sikumwambia Nashon. Nilimwambia wanakula vizuri.

Sasa sikilizeni vile mtu mwerevu anavyoingia shimoni huku akiimba. Majike wa samaki hawa wote ni rangi ya udongo, wa huku na wa mbali, ukiwaweka kwa beseni moja hata mama yao atapotea. Nikaenda kwa Shafic, yule wa samaki wa mapambo, upande wa Kenya, akaniuzia majike manne, asili yao ziwa la Malawi. Nikafikiri kama tunavyofikiri sisi watu wa mpaka. Baba yangu Japadhola, mama yangu Msamia wa Kenya, mke wangu huyu nilimtoa ng'ambo, na hakuna mtu amewahi kuniuliza kama mimi ni nusu. Mtoto ni wa ukoo wa baba. Mama anaweza kutoka mwezini, mtoto ataitwa kwa jina la babu yake na atazikwa kwa boma la baba yake. Basi nikasema, fulu wa Nashon akioa Malawi, watoto ni fulu. Nikawaingiza, na nikacheka peke yangu, nikasema leo nimelipa mahari.

Wakashikana vizuri. Mnajua hawa, jike hubeba mayai mdomoni, wiki tatu hali kitu, anakonda kichwa kinabaki kikubwa kama cha mzee, na mimi nilikuwa namfungua mdomo kwa kidole juu ya beseni, pole pole, watoto wanamwagika. Kizazi cha kwanza kilikuwa kizuri mpaka niliita jirani. Cha pili ndicho kilinishtaki. Wengine walitoka wekundu kama wa Nashon, wengine na mistari ya buluu, wengine taya limeenda upande, anafungua mdomo chakula kinapita pembeni kama gari lililokosa daraja. Marion, ulikuwa mdogo, uliniuliza, "Baba, mbona hawa wana buluu?" Nikakuambia ni baridi. Ulinitazama, ukarudi kuosha kioo. Nafikiri ulijua tangu siku hiyo.

Hapo ndipo nilijua kwamba samaki hafuati ukoo wa baba peke yake. Mama alikuwa ndani yao, amekaa kimya, anangoja zamu. Na mtu mwenye heshima angesema, nimekosea. Mimi nilifuga bata. Mnakumbuka bata wangu, walivyokuwa wanono kuliko bata wote wa wilaya hii? Walikula buluu. Walikula taya za upande. Kila kizazi nilichagua sura, nikabakisha wanaofanana na wale wa ndoo, wengine nikawamwagia bata wakiwa bado wanaogelea, na nikafanya hivyo miaka mpaka tangi lote likawa na sura ya Nashon na damu ya kila mahali. Shafic akawauza Kisumu, Eldoret, kwa mahoteli, kwa vinyozi, na kwa mfuko ameandika "original." Neno hilo nilimpa mimi.

Nipe maji kidogo. Ya kulowesha tu.

Nashon alipolala kitandani siku zake za mwisho, alinishika mkono akauliza, "Wako?" Nikasema wako. "Ni wale wale?" Nikasema wale wale, wamejaa. Akafunga macho amefurahi. Nimemdanganya mtu aliyekuwa anaenda mahali ambapo mambo yote yanajulikana, kwa hiyo mjue nikifika huko sina pa kujificha.

Na hilo ningekufa nalo, ni aibu ya watu wawili. Lakini alikuja huyu binti wa utafiti, Daktari Amoit, mtoto wa watu, mpole, alikula kalo kwetu, ugali wa wimbi, mpaka akalamba kidole. Anatafuta fulu mwekundu. Picha anazo za zamani tu. Akaona tangi langu, akaketi chini, akalia. Wanangu, mtu amelia kwa sababu ya kitu changu, mlitaka nimwambie nini? Akaomba kipande cha pezi akapime damu. Nikaogopa. Nikamwambia samaki hawa wakishikwa na mgeni wanakufa kwa aibu, wewe kunywa chai, nitakata mwenyewe. Nikaingia humu ndani. Chini ya kitanda hiki kuna chupa ya waragi, pombe kali, na ndani yake yuko dume la mwisho la Nashon, nilimtia alipokufa, nikimwangalia kama picha. Nilikata pezi lake, kidogo kidogo, nikajaza vichupa vyote vya binti. Vipimo vikarudi vinaimba: ni wenyewe. Darasa la tano limeshinda chuo kikuu. Wiki nzima nilitembea kama mtu aliyenunua mpaka.

Halafu akaja na furaha yake, akaniambia Jumamosi hii wanakuja kuwabeba wote, kuwaachilia Majanji kwenye yale mawe. Na akaniambia, bila kujua anamwambia nani, kwamba wavuvi wameona wekundu wachache, wawili, watatu, bado wako. Nikamuuliza kama utani, je, mtu akitia humo waliochanganyika? Akasema, "Mzee, watawaoa wale wachache, na miaka michache tu hakutakuwa na mwenyewe tena, na hakuna atakayeweza kuwatenganisha." Tangu siku hiyo sijalala. Mnasema ni mapafu.

John Paul, najua. Najua watu wa Daktari wamekuahidi kazi ya kulinda samaki pale Majanji, na suti umeshona, na umewaambia watu wa Masaba wote waje Jumamosi, na hema limelipiwa. Usiseme "lakini, baba." Nimekusikia jana ukimwambia dada yako, mzee akili zinapotea, tuache mambo yaende. Akili hazijapotea. Zimerudi zimechelewa, basi. Hutaikosa kazi kwa sababu wewe ni mbaya, utaikosa kwa sababu mimi nilikuwa mwerevu, na hilo ndilo deni ninalokuachia, na sina la kulifidia.

Msije mkasema baba aliogopa mchanganyiko. Tungeogopa mchanganyiko hapa Busia nani angebaki sokoni? Nyinyi wenyewe ni wa kabila tatu na mnakula kama kabila saba. Lakini mtu akichanganyika, bibi yake bado yupo, na lugha, na kaburi, mtoto akitaka kujua atauliza. Yule wa kwenye mawe hana wa kumuuliza. Akiisha ameisha, na aliyemmaliza atakuwa amevaa sura yake. Na wale wenye taya la upande hawakuniomba wazaliwe, niliwaita kwa ajili ya sifa, halafu nikawapa bata.

Kwa hiyo nawaagiza. Hakuna hata mmoja kuingia ziwani, wala mtoni, wala kwenye kinamasi, wala mfereji mvua ikija. Marion, tenga madume na majike leo, wewe una jicho. Wasizae tena. Msiwaue, wamechoka na mimi, wapeni chakula wazeeke mpaka waishe. Shafic afute lile neno. Ile chupa mpeni Daktari, na mumwambie pezi linalokosekana lilienda wapi. Na mtu akija msibani akanisifu kwa kuokoa samaki, mmoja wenu asimame amwambie hapana.

Njooni karibu zaidi, sioni vizuri. Mkono huu kwa kichwa cha Marion, huu kwa John Paul, mama yenu ashike katikati. Mungu aliyetenga maji na nchi kavu awape nyumba zisizovuja, na watoto wanaowauliza maswali, na ujasiri wa kuwajibu. Mkose mengine, hayo msikose. Msichukiane kwa ajili ya shamba. Msi... ngoja.

Ngoja nipumzike.

Sasa piga simu. Kwa Daktari. Nilitaka niseme mwenyewe, nilikuwa nimepanga na utani wa kuanzia, lakini sauti... inashuka. Weka karibu na kitanda. Inaita? Ameshika.

John Paul. Wewe ndiye mkubwa. Usimsalimie sana. Mwambie, wale samaki, baba aliwachanganya.

Sema, mwanangu. Anasikiliza.