Mimi Niliyeachia Kamba

Ndugu zangu, sikuomba kusimama hapa. Mwenyekiti amenisukuma, na wapo humu ndani ambao wangependa nikae. Bwana wa pale dirishani ameshaanza kucheka kabla sijafungua kinywa. Cheka, bwana. Mimi nimechekwa na Kariakoo nzima, kicheko chako kimoja hakinipunguzii kitu. Nimeambiwa nieleze jinsi nilivyoacha pombe. Nitaeleza, bila kutaja jina la mtu, maana hao ninaowasema wako hai na ngumi zao bado ni nzito.

Nilifika Dar es Salaam kwa njia ndefu. Nilitoka vitani Burma kwa meli hadi Mombasa, nikavuliwa sare, nikarudi nyumbani. Nilikaa miezi miwili nikaona kijiji kimekuwa kidogo. Kabla ya vita nilikuwa nimesoma hadi sekondari, kwa hiyo kazi ya ukarani sikuikosa. Nilikuwa Arusha mwaka mmoja, Tanga kwenye mkonge mwaka na nusu, Mwanza kwenye ghala la pamba. Kila mahali nililewa, nikapigana, nikafukuzwa. Mwanzoni mwa miaka hii ya hamsini nikapanda treni kwenda pwani. Njia nzima, juu ya benchi la mbao, nilikuwa nikiikumbuka Mwanza na kuiona nzuri kuliko nilivyoiona nikiwa humo. Huo ndio ugonjwa wangu, ndugu zangu. Ulevi ulikuwa mtoto wake tu.

Dar haikunipokea. Ofisini nilidumu miezi minne. Kalamu ilipotoka mkononi nikashika mkokoteni, sokoni Kariakoo, pamoja na wachukuzi waliokuwa hawataki hata kuniona. Mtaa ule jina lake limetokana na wapagazi wa vita vya kwanza, na wale wenzangu walijiona ndio warithi wao. Mimi waliniita Karani. Hawakusema kwa heshima.

Mkuu wao nitamwita Mwimbishaji, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa mtu wa pwani, mfupi, kifua kama pipa. Mkokoteni wenye magunia ya mchele hauendi kwa nguvu tu. Mmoja anaimba, wenzake wanaitikia, na pale wanapoitikia ndipo wanapovuta wote kwa pamoja. Mji mzima uliujua wimbo wake. Na kamba ya mkokoteni hatukuishika hivi hivi. Tuliizungusha kiganjani mara mbili, isiteleze kwa jasho. Shikeni hilo, maana ndilo lililoniangusha.

Kila sikukuu ya Idi palikuwa na michezo viwanja vya Mnazi Mmoja, na mchezo uliojaza watu ulikuwa kuvuta kamba. Makuli wa bandarini walikuwa hawajawahi kushindwa. Majitu yale yalibeba mizigo ya meli tangu asubuhi hadi jioni, na yalikula wali kwa sinia. Sisi wachukuzi wa Kariakoo tulikuwa wanane: wembamba sita, Mwimbishaji, na mimi. Nikawekwa mwisho wa kamba, mahali pa nanga, kwa sababu nilikuwa mzito. Uzito wenyewe ulikuwa wa tembo la mnazi.

Asubuhi ya mchezo Mwimbishaji aliniuliza, "Karani, umekula?"

"Nimekunywa," nikasema, nikaona nimefanya mzaha.

Yeye alikuwa mbele yangu hatua moja, na kwa mazoea ya kazi alikuwa ameizungusha kamba mkono wa kulia. Wote walikuwa wameizungusha, isipokuwa mimi. Makuli wakavuta. Tukashikilia kidogo. Kisha kichwa changu kikazunguka, nikaona uwanja unainuka, na ndugu zangu, nawaambia bila kujificha, mikono yangu ikafunguka. Niliiachia kamba. Ikakimbia kama nyoka. Wengine sita waliwahi kunasua mikono yao. Mwimbishaji hakuwahi. Nilisikia vidole viwili vikivunjika, na sauti ile ninayo masikioni hadi leo.

"Mlevi siku ya Idi!" watu wakapiga kelele. "Kamba inamshinda, kikombe hakimshindi!"

Kuanzia siku ile jina la Karani likafa, nikawa Mwachia Kamba. Nikipita sokoni, wauza mchicha waliniita, "Mwachia Kamba, shika basi hata fungu hili, usiliachie!" Wachukuzi walikuwa na desturi ya kupeana mikono kila asubuhi kabla ya kazi, kila mmoja na kila mmoja. Mwimbishaji aliporudi kazini, vidole vyake viwili vimepinda kama ndoana, aliwapa mkono wote. Alipofika kwangu aliutia mfukoni, akanipita. Alifanya hivyo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne sikwenda tena.

Nilihamia Buguruni, kwa mgema mmoja, nikalala katika banda lake na kumwoshea vibuyu ili anipe makombo ya tembo. Nilikaa huko karibu mwaka. Sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nilinuka. Nilikuwa nimesoma, nimepigana vita, na nilikuwa naosha vibuyu.

Asubuhi moja mtu akasimama mlangoni. Alikuwa Mwimbishaji. Hakunisalimu.

"Wewe."

"Mimi."

"Bado mzito?"

"Umekuja kunipima au kunipiga?"

"Nikikupiga vidole vitanyooka?" Akatema mate pembeni. "Makuli wametuma salamu. Wanasema Idi hii tuvute na punda, ndio saizi yetu. Nimejaribu watu wanne mahali pako. Wepesi kama makuti."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo umenisamehe?"

"Nani amesema habari ya kusamehe? Nimesema uzito." Kisha akaniambia sharti lake. "Mwezi unaandama wiki hii. Sisi tutafunga. Wewe si Mwislamu, lakini utafunga pombe. Tone moja, nakurudisha humu kwa mateke."

Ndugu zangu, wengine hapa mnasema mlisikia sauti ya Mungu. Mimi nilisikia sauti ya mtu anayenichukia, akiniambia nisimame. Nikasimama.

Mwezi ule! Tulifanya mazoezi alasiri, kazi ikiisha, uani kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo ambaye tulimbebea majora. Tuliifunga kamba kwenye nguzo ya ghala lake. Alikuwa akitoka mlangoni na kusema, "Nguzo hiyo ikitoka, nyote wanane mtashika paa kwa mikono mpaka nijenge nyingine!" Lakini hakutufukuza hata siku moja. Wenzangu walikuwa na njaa, mimi nilikuwa natetemeka kwa kukosa tembo, na sikujua nani ana hali mbaya zaidi. Jua likizama tulikwenda kwa mama mmoja muuza uji. Siku ya kwanza wachukuzi walisema nisipewe, sikufunga. Mama yule akanijazia bakuli. "Mwacheni," akasema, "na huyu amefunga. Amefunga nini, Mungu ndiye anajua." Usiku nilitapika, mchana nikavuta. Juma la tatu mikono ikatulia.

Hapo ndipo akili yangu ya zamani ikarudi, nikaona jambo. Nikamwambia Mwimbishaji, "Makuli hawatushindi kwa nguvu peke yake. Wanaujua wimbo wako. Wanavuta kabla hatujaitikia."

"Umeanza ukarani," akasema.

Nikamsimulia ya Burma. Tulikuwa kikosi kidogo ukingoni mwa mto, adui ng'ambo wengi kama mianzi. Kila alfajiri koplo wetu alipiga filimbi ya kubadilishana zamu, na kila alfajiri walitupiga risasi filimbi ikilia, tukiwa tumeinuka. Siku moja filimbi ikalia na hakuna aliyeinuka. Wakainuka wao, wakidhani tumekwisha. Tuliwapata wamesimama. Tuliushikilia ukingo ule, sisi wachache, mpaka wenzetu wakafika.

"Wimbo wako ndio filimbi ile," nikamwambia.

"Unataka nivute kamba bubu?"

"Imba. Sisi tuitikie, tuegemee tu, tusivute. Tuvute pale unapovuta pumzi."

Alinitukana mimi, na ukoo wangu, na shule iliyonifundisha. Kesho yake alasiri akatupanga, akasema, "Haya, tujaribu upuuzi wa huyu."

Siku ya Idi Mnazi Mmoja palifurika. Tulipoingia, watu walianza, "Mwachia Kamba! Mwachia Kamba!" hata wale wa mtaa wetu. Makuli walituletea fungu la majani, wakaliweka miguuni petu. "Chakula cha punda," wakasema, na uwanja ukaanguka kwa kicheko.

Tulikuwa tumekubaliana mwaka ule mtu asizungushe kamba mkononi. Wote wakaishika wazi. Mwimbishaji akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu kule Buguruni. Kisha, polepole, huku ananitazama, akaizungusha kwenye mkono ule ule. Mara moja. Mara mbili.

"Ukiachia," akasema, "chukua na vilivyobaki."

Nawaambia, ndugu zangu, hapo ndipo pombe ilipotoka mwilini mwangu, pale pale, mbele ya ule mkono.

Mwamuzi akaangusha kitambaa. Makuli wakavuta, nasi tukaegemea. Mwimbishaji akaimba, tukaitikia, hatukuvuta. Wao wakajitupa nyuma dhidi ya nguvu ambayo haikuja. Mara ya pili vivyo hivyo. Kamba ilinichuna bega, nikalala nyuma hadi nikaona mbingu. Visigino vyangu vikachimba mchanga, tukaburutwa hatua, tukaburutwa hatua nyingine. Watu walikuwa wakinihesabia: "Anaachia! Anaachia sasa!" Mwimbishaji akaimba mara ya tatu, tukaitikia, makuli wakajitupa, wakaishiwa pumzi. Naye akanyamaza ili avute yake. Katika kimya kile tukavuta.

Walikuja mbele kama mlango uliofunguliwa ukiwa umeuegemea. Akaimba, akanyamaza, tukavuta. Kimya cha tatu, kuli wa kwanza akakanyaga mstari, na wa pili akamwangukia mgongoni.

Hakuna aliyeshangilia. Uwanja mzima ulitazama kama uliodhulumiwa. Mtu mmoja akapaza sauti, "Wameiba!" Kuli mmoja akanishika shati akaniuliza tumeweka dawa gani kwenye kamba. Ndipo yule mama wa uji akapiga kigelegele, peke yake, kirefu, na mtaa wetu ukakumbuka kwamba sisi ni wao.

Mwimbishaji alifungua kamba mkononi, duara moja, duara la pili. Vidole vilikuwa salama. Nikampa mkono. Akaupita, akaenda kuwapa mkono makuli.

Mlitaka niseme alinikumbatia? Hakunikumbatia. Nilirudi kazini Kariakoo, nikachukua chumba Ilala, nikavuta mkokoteni naye miaka miwili, sijaonja tone. Kila asubuhi aliwapa wote mkono, akafika kwangu, akautia mfukoni. Nami kila asubuhi niliunyosha wangu.

Basi niwashukuru. Namshukuru yule Mhindi kwa nguzo yake, na mama kwa bakuli la siku ya kwanza. Nawashukuru wale wachukuzi sita walioshika kamba na mlevi nyuma yao. Na somo langu ni hili, bwana wa dirishani, naona umeacha kucheka: usingoje kupendwa ndipo usimame. Wapo watakaokuinua huku wamekunja uso. Shika wanachokupa. Na uliyemuumiza hadaiwi msamaha nawe. Wewe ndiye unayedaiwa kutoachia tena, siku baada ya siku, atazame asitazame.

Baada ya ile miaka miwili nikaanza tena kuota miji mingine, kama kawaida yangu. Niliondoka Dar asubuhi moja, kwa treni ya bara, na sijarudi wala sitarudi. Nilipotoka na sanduku langu pale Ilala, nilikuta mkokoteni mlangoni na Mwimbishaji amesimama kati ya mipini yake. Akalichukua sanduku mkononi mwangu. Akalipakia, akalivuta hadi stesheni bila kuimba, akalipenyeza dirishani mwa behewa. Nikaketi. Filimbi ikalia. Nikautoa mkono wangu nje, kwa mazoea tu, sikutarajia kitu.

Akaushika. Nilivihisi vile vidole viwili vilivyopinda, vigumu, vimekaa vibaya kiganjani mwangu. Treni ikaanza kwenda, naye akatembea kando yake, kisha akakimbia, na mimi nimeubana mkono wake.

"Achia, mjinga wewe!" akapiga kelele. "Utanivunja tena!"

Nikaachia.