Shimba Mhoja, Aliyemvika Kifo Koti

Tarehe 30 Juni 1983 Mzee Shimba Mhoja, mchoraji wa kiwanda chetu cha uchapaji, anastaafu baada ya miaka ishirini na moja ya utumishi. Waliozoea kumkuta mezani pake, vidole vimejaa wino na miwani imeshuka puani, watapata taabu. Mimi nimeshaanza kuipata, na bado yupo.

Alianza kwa kuchora lebo za magunia ya pamba. Mkono ulikuwa safi, ila picha zake, tuseme ukweli, zilikuwa za kusinziza. Kilichombadilisha ni karatasi ya kufutia mashine. Katika rundo la magazeti chakavu ya ng'ambo alikuta mchoro wa kinyozi ambaye ni mifupa mitupu, akimnyoa mteja shingoni, na mteja anajitazama kwenye kioo, ameridhika kabisa. Shimba alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Kumbe wale watani wanaotuchekesha msibani wanachoreka!" Akaubandika mchoro ukutani, na kuanzia hapo akawa anamchora Kifo wa kwake mwenyewe.

Kifo wa Shimba alivaa koti la kuazima na kandambili, na alikuwa na adabu kuliko sisi sote. Sabuni ilipoadimika, alimchora kwenye foleni ya duka la ushirika, akiwapisha wenzake watangulie: "Mimi sina haraka." Katibu wa tawi la chama akamwita ajieleze. Tulimhofia sana. Alirudi salama; kumbe katibu alikuwa anataka nakala ya kupeleka nyumbani.

Kipindupindu kilipoingia mwaka 1978, alichora bango lake kubwa kuliko yote. Kifo amekaa kwenye kigoda, mama mwenye nyumba amepiga magoti akimkabidhi kata ya maji ya ziwani yasiyochemshwa, naye anashukuru kwa mikono miwili. Bango lilibandikwa kuanzia Mkolani hadi Ilemela. Watu walicheka, kisha wakaenda kuwasha moto. Wapo walio hai leo kwa sababu ya kicheko kile, na hilo nalisema bila kusita.

Mkewe, Ng'washi, hayumo miongoni mwao. Alikwenda kumsalimia dada yake huko Magu, akapewa maji, akaona haya kuuliza. Hakumaliza wiki.

Siku ya kuanua tanga, Kashindye wa chumba cha mashine, ambaye ni Mnyamwezi, hivyo mtani halali wa Msukuma kama Shimba, alifanya kazi ya mtani. Alitokea amevaa koti kuukuu na kandambili, kata mkononi, akawapita waombolezaji kwa adabu zote mpaka mbele ya mfiwa. "Mzee Shimba," akasema, "haya yamechemshwa?"

Mtani hakasirikiwi. Shimba alicheka kama inavyotakiwa, nasi tukacheka naye. Sijapata kuona kicheko kikimchosha mtu namna ile. Kashindye mwenyewe alizunguka nyuma ya nyumba akalia.

Tangu hapo Shimba hakumchora Kifo tena. Tulipata michoro ya ng'ombe, majembe na pamba, yote safi, yote imepoa. Inaniuma kuandika hivyo, lakini yeye mwenyewe anajua.

Saa za chakula alichora kitu kingine. Ng'washi hakuwahi kupigwa picha, hata siku ya harusi, na Shimba anataka sura yake ibaki kwenye karatasi kabla haijamtoka kichwani. Tatizo ni mkono. Umezoea kuchekesha. Anaanza vizuri, mara shavu linavimba, jino linachomoza, na anayemtazama ni yule mama wa kwenye bango. Anaichana. Nimemwona akizichana nyingi, na mwaka huu ameniambia kwamba pua ya mkewe haikumbuki tena vizuri.

Mzee Shimba, wenzako wote tunakushukuru. Tumekufungia karatasi nzuri na penseli, tumezihangaikia kweli. Nenda nyumbani Pasiansi ukapumzike. Tunakutakia afya, macho yasiyochoka, na asubuhi moja tu ambayo mkono wako utasahau utani, ili Ng'washi akutazame.