Bi Kijakazi Alitaka Ugonjwa Wake Utajwe

Assalaam alaikum. Ninayesoma ni Mwinyijuma, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia.

Bi Kijakazi binti Badru alizaliwa Moa tarehe 14 Machi 1961, akasoma hapohapo hadi darasa la saba mwaka 1975, na mwaka 1979 akaolewa na Mzee Shaib Yakoub wa hapa Kigombe, wakajaliwa watoto watatu, Badru, Hafsa na Nasma, kitinda mimba.

Kazi yake tangu mwaka 1980 ilikuwa kubanika samaki, kwa makumbi ya nazi, ndani ya banda lisilo na dirisha, na sigara hakuigusa maisha yake yote, wenye kunong'ona wasikie leo. Wabanikaji walikuwa wakisema asiyekohoa bado mgeni wa moto, kwa hiyo kikohozi kilipomwanza mwaka 2009 alikibeba kama cheo. Mwaka 2012 alipimwa makohozi, kifua kikuu hakikuonekana, tukapika ubwabwa wa shukrani, naye kesho yake akarudi kwenye moshi, na kosa hilo ni letu sote.

Baadaye, akienda sokoni, alisimama kila baraza kusalimia, akauliza hali za wazima na wagonjwa, tukamsifu kwa adabu, kumbe anatafuta pumzi.

Tarehe 6 Agosti 2019, mjini Tanga, daktari alimpulizisha kwenye kipimo cha mapafu, akamwambia ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na kwamba pumzi iliyokwisha potea hairudi, ila angewahi mapema nyingi ingeokolewa. Bi Kijakazi hakulia, alikasirika, na juma hilohilo alibomoa ukuta mzima wa banda lake, akawapeleka wenzake sita wakapimwe, na aliyemletea habari za kurogwa alimtimua.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, na alitukataza kusema aliugua kwa muda mrefu tukaishia hapo, maana maneno hayo huuficha ugonjwa ukamvizia mwingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompisha kwenye baraza zao, na wabanikaji wenzake.

Nasma, aliyeurithi moto wa mama yake, anakohoa tangu Novemba, na ameniomba nisilisome hili, lakini mama yake aliagiza lisomwe, na hitima yake isisomwe kabla Nasma hajapuliza kile kipimo. Gari la kwenda Tanga linaondoka kesho saa moja asubuhi, na kwa anayekohoa nafasi ipo.

Dada, pumzika kwa amani, mwanao tunampeleka.