Palipobonyea Nyuma ya Spea

Du! Mlio mmoja tu, wanangu, usiku, kando ya barabara pale Katito, miaka kumi na mmoja iliyopita, na hadi leo masikio yangu hayajasikia mwingine.

Sikilizeni. Walter, kesho mnunuzi akija kuitazama Pajero, usimwambie ulivyoandika kwenye tangazo, gari la mzee mmoja, limetunzwa, halijawahi kugongwa. Fundi wake ataifungua spea, gurudumu la akiba la mlango wa nyuma, na hapo ataona palipobonyea, upana wa kichwa cha mtu. Ndiyo maana niliiosha mwenyewe kila Jumamosi. Ndiyo maana nilikuvunja kidole, Opiyo, siku ulipoigusa ile spea, nawe una miaka sita, nisamehe.

Tulipata pancha. Nikaenda sokoni kutafuta jeki, nikamwacha mama yenu garini, na niliporudi nikakuta kijana ameinama nyuma ya gari, spana mkononi, spea ameshaishusha, nikapiga kelele, "Mwizi!" Mama yenu akalia, "Baba Walter, mwache, nimemwomba mimi anisaidie!" Nilimsikia. Mtu asiwadanganye kwamba sikusikia. Lakini watu walishatoka na mawe, nami nikaona aibu kulimeza neno langu mbele yao, nikamkamata shingo, nikampigiza kichwa mlangoni, wao wakammaliza, tukamtupa mtoni akiwa bado anakoroma.

Kijana alikuwa amemtajia mama yenu jina lake, na kwamba anarudi kwa mamake, muuza sukuma wa mtaa wa Nyalenda. Nilimpiga mama yenu, Dorca, mpaka akaapa hatalitamka jina hilo. Miaka yote amenunua sukuma kwa yule mama, na yule mama humwuliza kila mteja kama amemwona mwanawe, na Dorca hulipa, akaenda zake.

Uzeni gari. Pesa yote apewe Nabututu, huyo mama wa sukuma aliyeketi mlangoni, nimemwita mimi. Mimi nizikeni bila disko matanga, muziki wa usiku kucha. Na mumwulize kwao huzika nini badala ya mwili uliopotea. Sisi Wajaluo huzika tunda la mti wa yago, lakini mwana ni wao.

Mungu awape mikono mizito kuinuka kuliko yangu, Opiyo... Walter, ninyanyue kidogo. Pumzi... Dorca. Kiapo nimekifungua. Kinywa changu hakistahili. Mwambie wewe jina la mwanawe.

"Mama Nabututu, ni Masinde."