Ambilikile Mbonile (1904–1956), Mzee Aliyekataa Kamba

Marehemu Ambilikile Mbonile alizaliwa mwaka 1904 katika milima ya Ileje, mtoto wa tatu wa mzee Mbonile na mama Ketrina. Shule ya misheni aliisoma hadi darasa la nne, akasifiwa zaidi kwa hesabu kuliko kwa kuimba.

Mwaka 1931 aliajiriwa katika gereza kubwa la Serikali, mbali na kwao, akakaa huko miaka kumi na minane. Kazi gani? Hakusema, nasi ndugu na majirani tukajisemea wenyewe. Gerezani humo watu walinyongwa, naye kila likizo alirudi na viatu vizuri. Lisemwalo lipo, tukasema.

Alimwoa Tulinagwe mwaka 1934, wakabarikiwa Yunisi na Lwitiko. Alipoacha kazi mwaka 1949 walikuja kulima kahawa hapa Isansa. Kamba haikuingia nyumbani kwake. Mbuzi aliwajengea zizi, na kuni zilibebwa kapuni. Siku moja kwenye mzani wa kahawa alilitazama gunia, akataja ratili zake, na mzani ukakubali. Watu wakacheka. Jirani yetu Enoka akamtania, "Na mimi je, mzee?" Marehemu akamtazama shingoni, kisha miguuni, akataja. Enoka akapanda mzanini, ikawa vilevile. Hapo kicheko kiliisha. Tangu siku hiyo kwenye pombe aliwekewa kata ya kunywea yake peke yake, na chakula alichopeleka Tulinagwe misibani kilirudi kama kilivyokwenda.

Mwezi wa Mei mwaka huu alianza kuvimba miguu, na dawa za hospitali hazikumsaidia. Ndipo Tulinagwe, aliyeishi naye miaka yote hiyo bila kuuliza, akauliza.

"Baba Yunisi, kule ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa napima."

"Unapima nini?"

"Watu. Uzito wao, ili kamba ikatwe sawasawa."

"Na aliyewanyonga?"

"Mwingine." Akageukia ukutani. "Siku yangu, msinishushe kwa kamba. Mnishushe kwa mikono."

Tulinagwe ametaka yasomwe yote, maana amechoka kunong'onewa. Kama hilo neno "mwingine" lilikuwa kweli, hajui. Anasema lilijibiwa upesi mno. Wanaojua zaidi watasimuliana njiani wakirudi, kama ilivyo desturi yao.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 14 Agosti 1956, alfajiri, mkewe akimshika mkono. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na mdogo wake Anania anayesoma maneno haya.

Kamba za mazishi zimebaki kanisani, kama alivyoomba. Wanatakiwa watu wawili washuke kaburini wampokee. Anania ni mmoja. Wa pili ametafutwa tangu asubuhi na hajajitokeza, na Tulinagwe amekwisha kuvua viatu.

Mungu ampokee, hata kama sisi tumesita.