Kiraka cha Kutia Tumboni

Basi lilikuwa na viti tele, lakini fundi cherehani alikwenda kukaa karibu na mama mwenye mtoto, kwa kuwa alikuwa ameiona bendeji tumboni mwa mtoto na hangeweza kufika mbali bila kuuliza.

"Alizaliwa ukuta wa tumbo haujafunga," mama alimjibu kwa utulivu. "Utumbo ulikuwa nje, wakaurudisha. Leo wanamtia kiraka. Ni cha utafiti."

"Utafiti? Mwanangu, huyu si wa kujaribiwa. Mimi nashona sare za shule. Mtoto anakua, kiraka hakikui. Kitatatuka."

"Nilimuuliza daktari hilohilo, shangazi. Anasema hiki kinayeyuka polepole, na nyama yake mwenyewe inajijenga pale."

"Na isipojijenga?"

"Watamfungua tena. Alinieleza mwenyewe, wala sikumbana."

Fundi akamgeukia. Wateja wake hawakuwa na tabia ya kumjibu, hasa kabla hajamaliza nguo zao. "Mtu anakwambia kazi yake huenda ikaharibika, na bado unampelekea mtoto?"

"Huyohuyo ndiye ninayempelekea. Wewe umewahi kumwambia mteja hivyo?"

"Nife njaa?"

Mama alicheka. Mtoto akakunja uso kutaka kulia, naye akawahi kumwekea kiganja juu ya bendeji, tumbo lisisukumwe na kilio.

Basi likasimama mbele ya hospitali. "Mimi sijakubali," fundi alisema, huku akimpokea mtoto ili mama atangulie kushuka na mzigo. Kisha akamteremsha taratibu, kiganja chake kikiwa juu ya bendeji.